Fremu Moja, Bei Mbili

Watu huuliza maswali ya kodi kwa sauti ileile wanayoulizia dawa ya fangasi. Anaingia mtu mzima, anaomba kopi ya kitambulisho ambayo wala haihitaji, anasubiri wateja wengine watoke, kisha anainama mezani na kuanza kunong'ona. Alichukua namba ya mlipakodi kwa ajili ya leseni ya pikipiki tu, je, anadaiwa? Kibanda chake cha chipsi kimefungwa tangu mwaka juzi, alipaswa kumwambia nani? Mwezi huu hajauza kitu, bado anatakiwa kujaza fomu? Mke wake anafuga kuku uani, na hao kuku nao wanahesabiwa? Mficha uchi hazai, huwa nawaambia, semeni kwa sauti nisikie. Hawasemi. Wanazidi kuninong'oneza na pumzi zao za kahawa, na mimi nazidi kukunja uso.

Mimi si mtaalamu wa kodi. Nina steshenari Rahaleo, Mtwara mjini: fotokopi moja, kompyuta moja na printa inayotafuna karatasi ikijisikia. Kabla ya hapo niliajiriwa miaka minne kwa wakala mmoja wa forodha karibu na bandari, nikajifunza kujaza fomu za kila aina, na nilipoacha kazi habari zilinifuata kwamba yule dada anajua mambo ya kodi. Niliipenda sifa hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitajisema vibaya, na sitaki ionekane kuna mtu alinisukuma.

Fremu yangu ya duka ilikuwa moja kati ya fremu nne zilizopangana barabarani, zote za mzee mmoja. Alikuja Mtwara kikazi miaka mingi iliyopita kutoka mikoa ya juu, serikalini, kama alivyokuja baba yangu, na wote wawili walisali kanisa moja. Baba amefariki, mzee amebaki, amestaafu, na sasa ni mzee wa kanisa anayekaa benchi la mbele. Ana sauti nzuri ya kusomea matangazo. Ana pia tabia moja ambayo nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume: hawezi kufunua karatasi bila kulamba kidole gumba. Halambi kidogo. Anakitoa kidole kinang'aa, anakibandika kwenye kona ya ukurasa, na kona inabaki imelowa. Kitabu chake cha nyimbo kimevimba kona zote. Mikataba yake nilikuwa naipokea kwa ncha za vidole na kuifuta kwa tishu kabla ya kuiweka kwenye fotokopi, kioo kisije kikashika mate.

Nilichukia kile kidole kwa sababu kuchukia kidole ni rahisi.

Jambo la kuchukia lilikuwa mikataba yenyewe. Mtu akitaka leseni ya biashara lazima apeleke mkataba wa fremu ofisi ya kodi, na pale atatakiwa kulipia stempu na asilimia kumi ya pango, inayoitwa kodi ya zuio. Kwa utaratibu, hiyo asilimia kumi ni ya mwenye fremu, maana ndiye anayeingiza kipato. Mpangaji kazi yake ni kuikata kwenye pango kabla hajamkabidhi mwenye fremu, akaipeleka ofisini kwa niaba yake. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo nilivyofundishwa kule kwa wakala.

Kwenye fremu zetu nne hapakuwa na mpangaji aliyemkata mzee hata shilingi. Mzee alipokea pango lote, mpangaji akaingia tena mfukoni kulipa ile kumi. Kisha, ili mpangaji asinung'unike, mzee alimfanyia hisani: mkataba uandikwe pango dogo, theluthi ya lile la kweli, ili na hiyo kumi iwe ndogo. Mpangaji alitoka ameshukuru. Alikuwa amelipa kodi ya mtu mwingine, akaona amesaidiwa.

Mikataba hiyo niliichapa mimi. Nilikuwa nayo tayari kwenye kompyuta, nabadilisha majina na tarakimu tu. Nilijivunia hasa ule mstari wa mwisho, kwamba pande zote mbili zimekubaliana kwa hiari yao, zikiwa na akili timamu, bila kushawishiwa na mtu yeyote. Kuchapa elfu tatu, kutia saini ya shahidi elfu mbili. Na mkataba wangu mwenyewe niliuchapa hivyohivyo. Nililipa laki moja na ishirini kwa mwezi, nikaandika elfu arobaini. Jumapili nilikaa benchi la nne, nikasikiliza mahubiri ya Kaisari na vilivyo vyake, mbele yangu kidole kinafunua nyimbo, na kilichonikera ni mate.

Mwezi wa nane mwaka juzi alikuja mama mmoja wa Mikindani, fundi cherehani, umri wa mama yangu mdogo. Alikuwa akishona nyumbani miaka yote, sare za shule na madera, na sasa alitaka kuhamia barabarani aonekane. Alikuwa ameuza mikorosho aliyorithi upande wa Naliendele. Aliniambia hivyo mwenyewe huku akifungua fundo la khanga, kwamba hizi ndizo korosho zangu, mwanangu, sina nyingine. Fremu iliyokuwa wazi ilikuwa ya pili kutoka kwangu. Mzee alitaka mwaka mzima mbele, laki moja na nusu kwa mwezi. Hesabu nilifanya mimi na fedha nilizihesabu mimi, mezani kwangu, milioni moja na laki nane, mzee ameketi kwenye kiti cha wateja mikono imekunjwa tumboni. Nikachapa mkataba. Pango kwa mwezi, shilingi elfu hamsini.

Mama aliusoma wote. Wapangaji wengine huwa wanatafuta pa kusaini tu, huyu alivaa miwani akasoma, kisha akauliza kwa nini hamsini. Mzee akamweleza ile hisani yake, taratibu, kwa sauti ya matangazo. Mama akafikiri. Akanigeukia.

"Mwanangu, hii asilimia kumi ni yangu au yake?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Katika maswali yote niliyowahi kuulizwa, ya kuku na pikipiki, hili lilikuwa na jibu fupi kuliko yote na nililijua. Mzee hakunikazia macho wala hakukohoa. Alilamba kidole, akafunua ukurasa wa pili wa nakala yake, kana kwamba anatafuta kitu.

Nikasema, "Wapangaji wote hapa wanalipa wenyewe, mama."

Lilikuwa kweli, na halikuwa jibu la alichouliza. Alinishukuru. Akasaini, nikasaini chini yake, akanipa elfu tano, na wiki ile akapeleka ofisi ya kodi elfu sitini na ya stempu. Alirudi na stakabadhi akaitoa kopi tatu kwangu, moja akaibandika ukutani juu ya cherehani kama watu wanavyobandika picha ya harusi. Kila nikipita nikienda chooni niliiona. Nilianza kupitia nyuma.

Mambo yalimwendea vizuri. Kufikia mwezi wa kumi na moja alikuwa na oda za sare za shule mbili, wazazi wameacha malipo ya awali, na mashati meupe yamening'inia mpaka mlangoni. Msimu wa korosho nao ulikuwa umeanza, malori yanapanga foleni kuelekea bandarini, mji una wageni wenye haraka. Mmoja wao alihitaji ofisi barabarani, alitaka fremu mbili zilizoungana na alikuwa tayari kulipa mara mbili. Fremu ya fundi na ile ya katikati yetu, ambayo mpangaji wake alikuwa ameshahama, zilikuwa zinatenganishwa na ukuta wa tofali moja.

Mzee akampa mama barua ya kuondoka mwisho wa mwezi. Barua hiyo hakunipa mimi niichape, aliichapisha kwingine. Na ndani yake akaandika kwamba atamrudishia pango la miezi minane iliyobaki kwa mujibu wa mkataba. Miezi minane kwa elfu hamsini ni laki nne. Alichokuwa amelipa kwa miezi hiyo minane ni milioni moja na laki mbili.

Mama alikuja na barua mkononi, miwani imempanda kwenye paji la uso. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani, akaniuliza kama nasoma anachosoma yeye. Nikasema ndiyo. Akasema kwa laki nne hapati fremu yoyote ya mwaka mjini hapa, wenye fremu wote wanataka mwaka, na vitambaa vya watoto wa watu anavyo, na fedha za wazazi ameshazinunulia vitambaa. Akirudi kushonea nyumbani Mikindani, shule zitachukua oda zao. Kisha akasema kwamba amekwenda ofisi ya mtaa na ameandikisha shauri, na shahidi amenitaja mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyehesabu.

Jioni ile mzee alipita dukani. Alikuja na mfuko wa korosho za kukaanga, kilo nzima, zile nyeupe nzima ambazo sisi tunaoishi nazo hatuzinunui. Aliziweka juu ya fotokopi. Aliniuliza hali, akamkumbuka marehemu baba, akasema baba alikuwa mtu asiyependa migogoro. Baada ya hapo ndipo akaniambia kwamba nikitamka kiasi kingine tofauti na kilichoandikwa nitakuwa nimejitangaza mwenyewe kuwa nachapa mikataba ya uongo, kuanzia wa kwangu. Alisema "binti yangu" mara nne, nilihesabu. Akaongeza kwamba mkataba wangu unaisha mwezi wa pili, na kwamba huyo mgeni anaulizia pia fremu ya tatu.

Alipoondoka niliziangalia zile korosho. Nilitaka kuzitupa jalalani. Nilikula tatu kwanza. Zilikuwa nzuri.

Siku ya shauri tulikaa kwenye ofisi ya mtaa, chumba chenye benchi mbili na kalenda ya miaka iliyopita. Mwenyekiti wa mtaa, mwanamke mwenye subira anayeandika kila kitu kwenye daftari kubwa, alikaa mezani. Mzee upande mmoja, mama upande wa pili, mimi benchi la nyuma. Mzee alitoa mkataba. Alilamba, akafunua, akalamba, akamwonyesha mwenyekiti tarakimu, kisha saini yangu. Mwenyekiti alipokea ile karatasi nikaona naye anaifutia kwenye gauni. Nilijisikia nafuu kidogo kwamba si mimi peke yangu.

Mama akaulizwa. Akasema alilipa laki moja na nusu kwa mwezi. Mwenyekiti akauliza, kama ndivyo, kwa nini karatasi inasema hamsini na ina saini yake? Mama akaeleza habari ya kodi. Hapo mwenyekiti akaweka kalamu chini. Alimwambia kwa upole kwamba aangalie anachosema, maana akikiandika kwenye daftari kitakuwa kimeandikwa, kwamba yeye mpangaji alipunguza bei ili alipe kodi kidogo, na daftari likihitajika ofisi ya kodi yeye hawezi kulificha. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. Alimwonea huruma kabisa, ungeapa.

Nikaona mama anaogopa. Mtu ambaye amebandika stakabadhi ya kodi ukutani alikuwa anafanywa mwizi wa kodi mbele ya mtu ambaye yeye mama ndiye aliyemlipia kodi. Alifungua mdomo nikajua anataka kusema basi, yaishe, nipeni hizo laki nne. Na mimi nilikuwa nataka aseme hivyo. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Sekunde chache nilimwombea akate tamaa, ili nisiulizwe.

Hakusema. Aligeuka kwenye benchi, akanitazama.

"Mwanangu, nilikuuliza siku ile hukunijibu. Hii asilimia kumi ilikuwa yangu au yake?"

Alikuwa amejua. Miezi yote minne, nikipita nyuma nisiione ile stakabadhi, yeye alikuwa anajua kwamba sikumjibu. Sikuwa nimemdanganya hata huyu mmoja niliyedhani nimemdanganya.

"Ilikuwa yake, mama," nilisema. "Wewe ulitakiwa kuikata kwenye pango lake na kuipeleka tu. Na ulilipa laki moja na nusu. Nilihesabu mimi. Bei ya uongo niliandika mimi, na aliyeitaka ni yeye."

Mwenyekiti aliokota kalamu. Akaniuliza kama niko tayari aandike hivyo. Nikasema aandike, na aandike pia kwamba fremu zote nne ni hivyohivyo na yangu ikiwemo, kwamba pango langu la kweli ni hili na lililoandikwa ni lile. Kalamu haikugusa daftari. Mzee alikuwa amenyanyua mkono. Alisema hakuna haja ya kufika huko, sisi ni watu wa mtaa mmoja, mambo haya yanamalizwa kindugu. Alisema kindugu kwa sauti nzuri kama anatangaza harambee.

Yakamalizwa. Mama alibaki kwenye fremu yake mpaka mwaka uishe, na kwenye daftari la mwenyekiti paliandikwa kwamba pande mbili zimepatana. Hakuna aliyeandika asilimia kumi ilikuwa ya nani. Mzee aliulinda mfuko wake, mwenyekiti akaulinda mtaa wake dhidi ya wageni wa maofisini, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kuungama nikaondoka na maungamo yangu mkononi. Ningeweza kuvuka barabara nikayapeleka ofisi ya kodi. Nilifika mpaka foleni, siku mbili baadaye. Mbele yangu mtu alikuwa anauliza kwa kunong'ona habari za bodaboda aliyokwisha kuiuza. Nikageuza.

Barua yangu ilikuja wiki iliyofuata. Mgeni wa korosho alikuwa ameridhika na fremu ya katikati na ya kwangu. Miezi mitatu iliyobaki ningerudishiwa kwa mujibu wa mkataba.

Watu waliniambia nirudi kwa mwenyekiti. Nirudi kusema nini? Tarakimu nilizichapa mimi, nikiwa na akili timamu, bila kushawishiwa na mtu yeyote. Mama fundi ndiye aliyeniambia nihamishie meza na fotokopi kwenye kona ya fremu yake mpaka nipate pengine. Hakulisema kwa mapenzi. Alisema kona ipo na watu wa sare huwa wanataka kopi za vyeti. Alisema pia atakuja nami kuchukua fedha, kwa sababu safari hii na mimi nahitaji mtu wa kuona.

Tulimkuta mzee barazani kwake baada ya ibada ya Jumapili, bado amevaa tai. Hakutukaribisha kukaa. Laki moja na ishirini, noti za elfu tano tupu, ishirini na nne, chakavu, zimekunjwa pamoja. Alizihesabu yeye kwanza. Alilamba kila baada ya noti tatu au nne, na nilimwangalia mpaka mwisho kama adhabu. Akanikabidhi, zingine zimelowa. Nikasema nitazihesabu na mimi. Nilianza vizuri, kwa ncha za vidole, nimeziweka mbali na mwili. Ya saba na ya nane zilikuwa zimeshikana. Nikazisugua, hazikuachana. Mzee anasubiri, mama anasubiri, jua linawaka. Nikalamba kidole.

Niliendelea mpaka ishirini na nne kabla sijatambua nilichofanya. Zilitimia. Nikazitia kwenye mkoba, tukaondoka. Tulipoikaribia fremu, mashati meupe yameshaanza kuonekana mlangoni, mama alinigeukia.

"Ukifika unawe mikono kwanza, mwanangu," alisema. "Vile vitambaa ni vya watoto wa watu."